Tornado: Boti ya Mbio Iliyoshindwa kwa Kura, Si kwa Upepo

Leo hakuna habari za programu mpya wala za kampuni za simu. Leo nataka tuzungumze kuhusu boti. Najua kuna wanaosema, "Huyu naye ameishiwa na mada." Vumilieni kidogo. Hadithi hii ni ya teknolojia kuliko nyingi nilizowahi kuandika hapa.

Ilianzia Diani, Desemba moja nikiwa likizoni. Nilikuwa nimeketi ufuoni karibu na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akikarabati ngalawa yake. Mara ikapita boti ya ajabu: mitumbwi miwili myembamba ya faibaglasi iliyoshikanishwa kwa vyuma, katikati kitambaa kigumu kilichokazwa kama kitanda, na vijana wawili juu yake. Mtumbwi mmoja ulikuwa majini, mwingine ulikuwa hewani kabisa. Ilipita mbio kama matatu iliyoona askari. Baadaye nilijua kuwa ni Hobie 16, boti ya ufuoni iliyobuniwa Kalifonia na Hobie Alter. Siku hiyo sikujua lolote, kwa hivyo nikamwuliza mzee ile ni ngalawa ya aina gani.

Akainua macho, akaitazama mpaka ikapotea, kisha akasema: "Mwanangu, ile haina tumbo. Ina mbavu tupu. Samaki utaweka wapi?"

Akarudi kwa kazi yake.

Nilicheka, lakini swali lake lilinifuata hadi Nairobi. Nikaanza kusoma kuhusu boti za namna hiyo, zinazoitwa katamarani, hasa zile za mbio zinazoendeshwa na watu wawili. Usiku mmoja nikakutana na boti iitwayo Tornado, na kusema kweli nikaona kama nasoma habari zangu mwenyewe. Sababu nitaieleza baadaye.

Mbavu badala ya tumbo

Kwanza jina. "Katamarani" limetoka katika Kitamil, ambako kattumaram maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Cha kuchekesha ni kwamba chombo cha Watamil kilikuwa zaidi kama chelezo. Walioendeleza kwa karne nyingi chombo cha mitumbwi miwili inayokwenda sambamba ni watu wa visiwa vya Pasifiki, hasa Wapolinesia. Kwa hivyo jina ni la India na umbo ni la Pasifiki. Sisi wa Afrika Mashariki tuna jamaa wa karibu, yaani ngalawa, yenye mtumbwi mmoja na mbao za kuelea kila upande. Wengi wanaochunguza historia ya vyombo husema wazo hilo lilifika pwani yetu kupitia wasafiri wa Bahari ya Hindi walioanzia Asia ya Kusini-Mashariki, wale wale waliokaa Madagaska.

Sasa tatizo lenyewe. Upepo unaposukuma tanga kutoka ubavuni, boti hutaka kupinduka. Dawa zake ni mbili. Ya kwanza ni kuweka uzito mkubwa chini, kama mawe au risasi, ili boti irudi wima. Dawa hii hufanya kazi, ila unabeba mzigo safari nzima. Ya pili ni kupanua chombo. Ngalawa hufanya hivyo kwa zile mbao zake. Katamarani hufanya hivyo kwa kutupa tumbo lote na kubaki na mbavu mbili zilizo mbali mbali. Mzee wa Diani aliona sawasawa.

Tuchukue Tornado tuone hesabu. Ina urefu wa mita 6.1 na upana wa takribani mita 3. Uzito wake ni takribani kilo 150, yaani chini ya watu wawili wanene. Boti ikianza kuinuka, inajizungusha juu ya mtumbwi ulio upande usio na upepo. Uzito wa boti uko katikati, kama mita 1.5 kutoka hapo. Zidisha 150 kwa 1.5, unapata 225. Sasa chukua baharia wa kilo 75 aliyejifunga mkanda na kuning'inia kwa waya unaotoka mlingotini, nyayo zake zikiwa kwenye ukingo wa mtumbwi ulioinuka, mwili wake wote ukiwa nje juu ya maji. Kiini cha uzito wake kiko kama mita 4 kutoka upande wa pili. Zidisha 75 kwa 4, unapata 300.

Umeona? Hii ni hesabu yangu ya haraka tu, lakini inaonyesha jambo kubwa: mtu mmoja aliyening'inia nje ana nguvu ya kuizuia boti isipinduke kuliko boti yenyewe yote. Kwenye chombo hiki binadamu si abiria. Ni sehemu ya mtambo. Waliowahi kutazama mashindano ya mashua kule Lamu wanalijua hili, kwa sababu wamewaona mabaharia waliopanda juu ya ubao unaotokeza nje ya ubavu ili mashua isilale.

Kuna jambo la pili. Chombo kipana kinaposukuma maji hutengeneza wimbi lake chenyewe, na kasi ikiongezeka kinanaswa nyuma ya wimbi hilo, kinabaki kulipanda bila kulimaliza. Mtumbwi mwembamba sana hupasua maji bila kuinua wimbi kubwa, kwa hivyo haunaswi. Ndiyo maana Tornado iliweza kupita maili 20 za baharini kwa saa, karibu kilomita 37, kwa kitambaa na upepo tu.

Na la tatu. Ukipanda bodaboda siku isiyo na upepo, bado upepo hukupiga usoni. Boti yenye kasi ni hivyo hivyo, hujitengenezea upepo wake. Kadiri inavyokimbia ndivyo upepo inaouhisi unavyoongezeka na kusogea kuelekea mbele. Nahodha mjuzi huutumia upepo huo kuongeza kasi, na kasi huongeza upepo. Raha yake ni hiyo, na hatari yake pia: ncha ya mbele ya mtumbwi ikizama ghafla, boti nzima hupiga pinduki na watu hurushwa mbele ya tanga.

Nahodha aliyeshinda akanyang'anywa tuzo

Mwaka 1876 Marekani ilisherehekea miaka 100 ya uhuru, na New York kukawa na mashindano ya boti. Kijana mmoja wa miaka 28 kutoka Bristol, Rhode Island, aliyeitwa Nathanael Herreshoff, alileta chombo chake kiitwacho Amaryllis. Kilikuwa na mitumbwi miwili, kila mmoja wenye urefu wa kama mita 7.5. Wenzake walikuwa na boti za kawaida, pana, zenye matanga makubwa na watu wengi wa kuzisawazisha.

Upepo ulipokuja, Amaryllis iliwapita wote. Walioshindwa hawakukubali. Walilalamika kwamba kile si chombo cha aina yao, na malalamiko yao yakakubaliwa. Herreshoff akanyang'anywa tuzo, na katamarani zikafungiwa nje ya mashindano ya kawaida. Mwaka uliofuata, 1877, alipata hataza ya ubunifu wake na akaunda nyingine kadhaa. Lakini unauzaje chombo cha mbio ambacho hakiruhusiwi kushindana? Mwishowe akarudi kwenye boti za mtumbwi mmoja. Kuanzia 1893 hadi 1920 ni boti alizozibuni yeye zilizolinda Kombe la Amerika, tuzo kubwa kabisa ya mchezo huo. Kipaji chake hakikupotea, ila wazo lake lilikaa kabatini.

Mzozo wenyewe haukufa. Mwaka 1988, kule San Diego, Dennis Conner alilinda Kombe la Amerika kwa kutumia katamarani dhidi ya boti kubwa ya mtumbwi mmoja ya New Zealand. Alishinda majini kwa urahisi, kisha kesi ikaenda mahakamani New York. Jaji wa kwanza akawapa New Zealand kombe, mahakama za rufani zikalirudisha kwa Wamarekani mwaka 1989 na 1990. Miaka 112 baada ya Amaryllis watu walikuwa bado wanabishana: je, kuwa na kasi kupita kiasi ni ushindi au ni udanganyifu?

Essex, 1966

Tuje sasa kwa Tornado. Katika miaka ya 1960 shirikisho la kimataifa la mashua za matanga liliamua kuzipa katamarani nafasi rasmi, na likaweka madaraja. Daraja B lilikuwa la watu wawili: urefu usizidi futi 20, upana usizidi futi 10, na tanga lisizidi futi za mraba 235. Wenzangu waandishi wa programu wataitambua hali hii mara moja. Hayo ni maelezo ya mahitaji. Hakuna anayekuambia ufanye nini ndani ya sanduku, unaambiwa tu sanduku lina ukubwa gani.

Mwaka 1967 likafanyika shindano la kuchagua katamarani moja ya kimataifa ya daraja hilo. Mwingereza Rodney March alikuwa ameanza kuchora yake tangu majira ya vuli ya 1966, akisaidiwa na Terry Pierce na Reg White. Reg White alikuwa fundi boti wa Brightlingsea, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Essex, na pia nahodha hodari. Kwa hivyo aliyeunda ndiye aliyeendesha. (Sisi tunaoandika programu ambazo hatutazitumia kamwe tungejifunza kitu hapa.)

Walichotengeneza kilikuwa cha kushangaza kwa urahisi wake. Mitumbwi ya kwanza ilitokana na plaiwudi nyembamba iliyounganishwa chini kisha ikakunjwa kwa nguvu hadi ikapata umbo. Mbao zenyewe zikibishana na mkunjo ndizo zilizotoa ugumu, kwa hivyo hapakuhitajika mifupa mingi ndani. Mlingoti wa alumini ulisimama juu ya kigololi ili uweze kuzunguka na kuukabili upepo pamoja na tanga. Tanga lilikuwa na fito ndani yake kutoka ukingo hadi ukingo, ili lishike umbo kama bawa badala ya kupwaya kama shuka. Chini kila mtumbwi ulikuwa na pezi la kuzuia boti isisukumwe kando.

Kwenye majaribio Tornado iliwashinda wapinzani wote bila taabu. Shirikisho likaichagua. Baadaye ikaamuliwa kuwa itaingia kwenye Olimpiki ya 1976.

Kingston, na miaka iliyofuata

Sisi Wakenya tunaikumbuka Olimpiki ya Montreal 1976 kwa sababu hatukuwapo. Nchi nyingi za Afrika zilisusia kwa ajili ya ziara ya raga ya New Zealand kule Afrika Kusini. Mbio za boti zilifanyika Kingston, kwenye Ziwa Ontario, na kwa mara ya kwanza katamarani zilikuwamo. Aliyechukua dhahabu ya kwanza ya Tornado ni yule yule Reg White wa Brightlingsea, akiwa na mwenzake John Osborn. Fikiria: miaka kumi baada ya kusaidia kuibuni boti, unaipanda mwenyewe na kushinda Olimpiki. Ni wangapi kati yetu watakaoiendesha programu yao wenyewe baada ya miaka kumi?

Baada yao dhahabu ilizunguka dunia. Mwaka 1980, kule Tallinn, walishinda Wabrazili Alex Welter na Lars Björkström. Mwaka 1984 ni Rex Sellers na Chris Timms wa New Zealand. Ufaransa ilichukua 1988 na 1992, na Nicolas Hénard alikuwamo mara zote mbili, kila mara na mwenzake tofauti. Mwaka 1996 Hispania, kupitia Fernando León na José Luis Ballester. Kisha 2000 na 2004 wakaja Roman Hagara na Hans-Peter Steinacher wa Austria. Austria haina bahari hata hatua moja! Walishinda mara mbili mfululizo mbio za baharini.

Kwa nini boti moja iliweza kuhamahama hivyo? Kwa sababu kanuni zake zilikuwa kali. Umbo la mitumbwi ni moja kwa wote. Vifaa vya kuundia vilibadilika, kutoka plaiwudi hadi faibaglasi yenye povu katikati, lakini umbo halikuguswa. Ukishindwa huwezi kusema mwenzako alikuwa na boti bora. Tuseme ni kama kiungio cha programu kisichobadilika: kila mtu anaweza kujenga juu yake akijua kesho hakitavunjika.

Toleo la pili

Hata hivyo dunia haisimami. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwapo katamarani mpya zilizobeba spinaka, lile tanga kubwa jepesi linalofura mbele boti inapokwenda na upepo. Tornado ya zamani haikuwa nayo. Ilikuwa na waya mmoja tu wa kuning'inia, wa baharia, nahodha akibaki ameketi.

Baada ya Olimpiki ya Sydney 2000 walifanya jambo ambalo mimi huliheshimu sana. Waliacha mitumbwi ya 1967 kama ilivyokuwa, wakabadilisha yaliyo juu yake. Tanga kuu likapanuliwa juu, spinaka ikaongezwa, na waya ukawekwa wa pili ili wote wawili waning'inie. Mwenye boti ya zamani hakulazimika kuitupa, alibadilisha vifaa vya juu tu. Ukitumia hesabu yetu ya awali utaona kuwa kumtoa na nahodha nje ni kuongeza nguvu ya kuisawazisha boti.

Chombo cha umri wa miaka 33 kikawa tena chenye kasi kuliko vyote kwenye Olimpiki. Ungedhani sasa kimepata bima ya maisha.

Mkono ukainuliwa Estoril

Novemba 2007, shirikisho lilikutana Estoril, Ureno, kupanga mashindano ya Olimpiki ya London 2012. Kulikuwa na nafasi kumi tu, badala ya kumi na moja za mwaka 2008. Wajumbe wakapiga kura. Katamarani haikupata nafasi.

Waliobaki ni akina nani? Miongoni mwao ilikuwamo Star, boti nzito ya watu wawili iliyoanza kushindana mwaka 1911. Simaanishi kuidharau Star, ni boti ngumu na mabingwa wakubwa wameipanda. Nasema tu kwamba yenye kasi kuliko zote iliondoka na ya 1911 ikabaki. Kelele zilipigwa, ombi la kufikiria upya likatolewa, hazikufaulu.

Hapa ndipo niliposimamisha kusoma, nikatoka nje kunywa chai.

Miaka mingi iliyopita mimi na mwenzangu mmoja tuliandika programu ya kuendesha bohari za kampuni fulani. Tulikuwa wawili tu. Yeye alishughulika na hifadhidata, mimi na yanayoonekana kwenye skrini, na mara nyingi tuliketi mbele ya tarakilishi moja hadi usiku. Ilikuwa nyepesi, ilikuwa na kasi, na makarani waliipenda. Halafu siku moja makao makuu yakaamua matawi yote yatumie mfumo mmoja kutoka nje. Ule mfumo ulikuwa mzito, ripoti tuliyoitoa kwa sekunde kumi ulihitaji dakika nne. Hakuna aliyesema yetu ni mbaya. Hakuna hata aliyetuuliza. Nafasi ilikuwa moja, na mkono ukainuliwa.

Mwenzangu aliumia kuliko mimi. Aliniambia miaka yetu mitatu imekwenda na maji, na muda si mrefu akaacha kabisa kazi ya programu, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Kwa muda mrefu nilikubaliana naye kimoyomoyo.

Kamari ya Qingdao

Tornado ilibakiwa na Olimpiki moja, ile ya 2008. Mbio za boti zilikuwa Qingdao, mahali palipojulikana kwa upepo hafifu. Wamarekani John Lovell na Charlie Ogletree, washindi wa fedha mwaka 2004, walifikiri hivi: kama upepo utakuwa mdogo, tutengeneze spinaka bapa zaidi inayoweza kutumika hata tunapobisha dhidi ya upepo, wakati wengine wote wamelikunja tanga hilo. Hati za kanuni hazikukataza. Waholanzi nao walifanya vivyo hivyo. Sharti lilikuwa moja: unasajili spinaka moja tu kwa mashindano yote.

Upepo ukaja wenye nguvu. Tanga lililokuwa silaha kwenye upepo mdogo likawa mzigo, na Wamarekani wakamaliza mkiani. Sote tuliowahi kurekebisha programu ili ikimbie vizuri kwenye mashine yetu ya majaribio, kisha ikaanguka mbele ya wateja halisi, tunayajua machungu hayo. Siwacheki. Ilikuwa hesabu ya busara iliyotegemea data ya kweli. Bahari tu ndiyo haikuisoma.

Dhahabu ya mwisho ya Tornado ilikwenda kwa Fernando Echávarri na Antón Paz wa Hispania. Fedha wakachukua Darren Bundock na Glenn Ashby wa Australia. Shaba ikawa ya Santiago Lange na Carlos Espínola wa Argentina, kama walivyofanya mwaka 2004. Wakakunja matanga. London 2012 haikuwa na katamarani.

Walichoshuka nacho

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka 2010 Kombe la Amerika lilishindaniwa na vyombo viwili vikubwa vya mitumbwi mingi, kimoja kikiwa katamarani. Mwaka 2013, San Francisco, ilikuwa katamarani kwa katamarani, tena zenye mabawa chini ya maji yaliyoziinua hadi zikaruka juu ya bahari. Mwaka 2017, Bermuda, vivyo hivyo, na New Zealand ikashinda. Nahodha mkuu wa timu hiyo? Glenn Ashby, yule wa fedha ya Qingdao. Lile wazo ambalo Herreshoff alinyang'anywa tuzo kwalo mwaka 1876 likawa ndilo chombo rasmi cha kombe alilolilinda kwa boti za aina nyingine. (Kuanzia 2021 kombe hilo limerudi kwa boti za mtumbwi mmoja, lakini nazo huruka juu ya mabawa.)

Olimpiki nayo ilijirudi. Iliamuliwa kuwa mwaka 2016 katamarani itakuwapo tena, safari hii mwanamume na mwanamke ndani ya boti moja. Wengine walitumaini Tornado itaitwa. Haikuitwa. Baada ya majaribio kule Santander, Hispania, mwaka 2012, ilichaguliwa boti mpya, Nacra 17, fupi zaidi kwa mita 5.25.

Na aliyeshinda dhahabu ya kwanza ya Nacra 17, kule Rio 2016, ni Santiago Lange, akiwa na Cecilia Carranza. Ndiyo, yule wa shaba mbili za Tornado. Alikuwa na umri wa miaka 54. Mwaka mmoja kabla ya hapo alipatikana na saratani na kukatwa sehemu ya pafu. Wanawe wawili, Yago na Klaus, walishindana kwenye Olimpiki hiyo hiyo katika boti nyingine.

Nacra 17 iliongezewa mabawa ya kuruka kikamilifu baada ya Rio, na Waitalia Ruggero Tita na Caterina Banti wameshinda dhahabu mbili juu yake, kwenye mashindano ya Tokyo yaliyofanyika 2021 na yale ya Paris 2024, ambayo boti zake zilikimbia Marseille. Tornado yenyewe haijafa. Wapenzi wake bado hushindania ubingwa wa dunia, ingawa bila kamera za Olimpiki.

Kwa hivyo?

Nilidhani nitamaliza kwa kulaani kamati. Nimeshindwa. Kamati zina nafasi kumi na maombi mengi, na sidhani ningepiga kura ya haki kuliko wao kama ningekuwa na boti ya nchi yangu ya kutetea.

Nilichokosea mimi ni kuhesabu. Nilikuwa nikihesabu boti. Lange alipopoteza Tornado alipoteza mitumbwi, mlingoti na nafasi yake Olimpiki. Hakupoteza namna ya kuusoma upepo unaobadilika kwa sababu ya kasi yako mwenyewe, wala namna ya kuongea na mtu wa pili bila maneno mkiwa mmening'inia kwenye waya. Alingoja miaka minane, akavipandisha kwenye chombo kingine.

Nami nikitazama kazi ninazofanya leo, namna ya kupanga hifadhidata niliyonayo si yangu. Ni ya mwenzangu wa bohari. Nimeitumia kwa wateja wengi tangu wakati ule na sikuwahi kumwambia.

Juzi nilimpigia simu. Nilimsimulia habari za Lange kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Yule mzee wa miaka 54, pafu moja na nusu, kweli aliwashinda vijana?" Nikasema kweli. Akasema ana daftari la madeni ya duka linalomsumbua, kama ninaweza kupita Jumamosi tuliangalie pamoja kwenye tarakilishi.

Nitapita. Na nikirudi Diani nikimpata yule mzee, nitamjibu swali lake: samaki hakuna, mzee, ila wale wawili walioning'inia nje ndio shehena.

Haya, tuonane wiki ijayo tukirudi kwenye mambo yetu ya kawaida. Alamsiki.